Magauni Yaliyopimwa kwa Shangazi

Chumba cha nyuma, kwenye cherehani zetu,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada Mbunifu,

Nilimpima nani? Ndilo swali lako, umenifokea nalo kwenye simu kisha ukakata. Ngoja. Kwanza shikamoo. U mzima? Baridi ya huko haijakugandisha ulimi, hilo nimelisikia mwenyewe. Sisi hatujambo, cherehani ndizo zinazokohoa.

Sasa nikujibu. Ulituma michoro mizuri kweli: Malkia Nzinga, Yaa Asantewaa, Harriet Tubman aliyewatorosha watumwa. Kila karatasi umeeleza mama huyo alifanya nini, ushanga ukae wapi, mkia uburuzike vipi. Vipimo hukuweka. Chini umeandika tu "saizi ya kawaida".

Haya, Dada. Humu kwetu saizi ya kawaida ni moja. Sanamu la kushonea lilivunjika kiuno zamani. Anayesimama juu ya stuli tukimchoma pini ni mama yako.

Ndiyo. Lile umbo ulilosema limepimwa kwenye gunia la mkaa ni la mama yako mzazi. Simu ilikuwa kwenye spika, na Shangazi wangu, huyo huyo mama yako, yupo hapo hapo anafumua uzi. Alitoka kwenda kuanua nguo, na kambani hapakuwa na hata soksi.

Nimekasirika mpaka utani umenikauka, na mimi nikikosa utani ujue nyumba inaungua.

Alisimama wiki nzima, miguu imevimba, na kila gauni alitaka nimsomee karatasi yako. Nilipofika kwa Yaa Asantewaa, kwamba alikuwa mtu mzima alipoongoza vita na Waingereza, nilikula kofi la bega. "Mtu mzima kama mimi? Basi acha kubana hapo kiunoni, bwege wewe! Atapiganaje hapumui?" Nikaachia. Na hilo nalo nilaumu mimi.

Sasa wasichana wako wa kuonyesha mavazi wanaelea humo kama ulimi wa kengele, na unasema nisipopunguza kabla ya onyesho kazi unampa fundi mwingine. Mpe! Ila niambie, unawaheshimuje bibi za watu waliokufa zamani, na mama yako aliye hai unamwita gunia? Kichwa kimekujaa ushanga.

Mjomba wako, baba yangu, anakusalimu. Mke wangu anakusalimu shingo upande. Mama yako hajatuma salamu. Mungu akulinde huko uliko, na akipata nafasi akulainishe.

Haya, tufanye biashara. Nirudishie magauni niyapunguze yote kwa vipimo vya hao wasichana, na safari hii viandike! La Yaa Asantewaa tu haliguswi mkasi. Wewe mpigie mama yako leo hii, si mimi, umwombe radhi, halafu umtumie tiketi aje alivae mwenyewe, apite jukwaani mbele ya hao wenye kamera zao, na wewe ukae chini umpigie makofi. Ukikubali, mkasi nauchukua sasa hivi. Unasemaje?

Wako akupendaye, leo kwa kujikaza,
Fundi Kelele