Puliza na Laini Isiyozimwa

Jumatatu, 4 Machi

Amepuliza tena! Kwa mdomo! Wiki nzima namfundisha shemeji yangu: konekta ya faiba, ile ncha ya kebo ya intaneti, haipulizwi kama uji wa moto. Mate yakiingia, mwanga haupiti. Futa kwa kitambaa chake na spiriti, angalia kwa hadubini ya mkononi, ndipo uchomeke. Yeye? Pfuu! — kisha anasugulia shatini. Mafundi wanamwita Puliza, naye anachekelea. Kazi nilimwombea mimi. Mdogo wangu alinililia: dada, mume wangu anashinda nyumbani tu. Haya, sasa anashinda kichwani mwangu.

Jumatano, 6 Machi

Laini ya hospitali inakatikakatika. Bosi kaniwakia mimi. Nimefungua konekta — alama ya kidole, nzima nzima! Nimemfokea Puliza mbele ya wenzake: usichomeke kitu hujakiangalia kwa hadubini, la sivyo rudi ukashinde nyumbani. Kanuna. Eti nimemvunjia heshima, atamwambia mkewe. Amwambie!

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna malalamiko leo. Ajabu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemkuta anafuta vizuri, jicho kwenye hadubini. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikamuuliza: upande wa pili wamezima laini? Akachomoa konekta nyingine. Wamezima?! Kasema bosi amekataza, mteja hataki laini izimwe hata dakika moja.

Nikamnyang'anya hadubini. Mwanga wa faiba hauonekani, na hadubini inaukusanya wote na kuumimina jichoni! Kasema, mbona mimi sioni chochote? Ndiyo hatari yenyewe, wewe, unaunguza jicho bila kuuma! Tangu lini? Tangu Jumatano. Laini zote. Kwa kuwa mimi, shemeji yake, nilisema aangalie.

Nikaenda kwa bosi, nikapiga meza. Kaniuliza, mwenyewe amelalamika? Kama hajalalamika, basi. Hata kichwa hakuinua! Nina hasira naye! Na mimi najichukia: nilimpigia kelele kuhusu uchafu wa konekta, kuzima laini sikugusia.

Jumapili, 10 Machi

Niko kwa mdogo wangu, naandika nimejifungia chooni. Nimekuja kumpeleka Puliza kwa daktari wa macho. Hataki. Eti macho yake mazima, nisimtie mkewe hofu, na bosi akisikia atamtoa kazini. Mdogo wangu hajui lolote. Kanivuta jikoni, kanishukuru: dada, umemtengeneza, siku hizi hata nyumbani anafuta kila kitu.

Kweli anafuta. Nimemkuta sebuleni na simu yake, kitambaa na spiriti, taratibu, kama nilivyomfundisha. Hapulizi tena. Kasema kuna doa katikati ya kioo, tangu jana analisugua, haliondoki. Kanipa: hebu jaribu wewe, shemeji, una mkono mzuri.

Simu ninayo hapa. Nimeigeuza huku na huku chini ya taa. Kioo ni kisafi kabisa.

Anagonga mlango. Anauliza kama doa limetoka —