Namba za Jumatatu na Alhamisi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefunga. Kanzu mbili zimekwisha, kola ya tatu imebaki nusu. Dakika chache kabla ya adhana ya magharibi nimejitoboa kidole kupima sukari. 5.9. Musawo, daktari wa kliniki, aje aone. Miezi mitatu sijagusa vidonge vyake vya sukari, vilikuwa vinanikoroga tumbo. Nameza kapsuli za mdalasini na za mafuta ya samaki anazoniletea mdogo wangu Rehema kutoka Jinja, basi. Nimepiga picha ya kipimo, nikamtumia Rehema.

Alhamisi, 7 Agosti
6.1. Napima Jumatatu na Alhamisi tu, siku zangu za kufunga sunna, kwa sababu naacha cherehani mapema. Siku nyingine nashona mpaka giza, na kidole kilichotobolewa hakigusi kitambaa cheupe. Tone moja la damu kwenye kanzu, mteja harudi.

Uzi umenisumbua kupita kwenye sindano. Mwanga mbaya.

Jumamosi, 9 Agosti
Rehema kapiga simu. Yeye naye ana sukari. Ameacha vidonge tangu aone picha zangu, na wateja wake wa kapsuli huko Nalufenya, mtaani kwake Jinja, anawaonyesha. Nimeringa, kusema kweli.

Jumatatu, 11 Agosti
5.8. Lakini leo jirani ndiye aliyenitungia uzi. Miaka thelathini ya ushonaji, sijawahi kutungiwa uzi. Nina hasira.

Kesho kliniki. Siogopi. Nakwenda kuwaonyesha namba.

Jumanne, 12 Agosti
Musawo hakutazama hata simu yangu. Kavuta damu mkononi, ya kupima mafuta na sukari ya miezi mitatu yote. Majibu Alhamisi. Sawa. Tutaonana.

Alhamisi, 14 Agosti
Mafuta yameshuka. Nikasema mbele ya foleni nzima: mnaona?

Sukari iko juu kuliko nilipoanza. Nikamwambia mashine yao mbovu. Akaniuliza napima saa ngapi. Nikamwambia. Akacheka kidogo. "Mama, wewe unapima njaa. Pima siku umekula." Akaongeza kwamba sukari ndiyo inayokula macho yangu, na yakienda hayarudi. Nimetoka bila kuaga.

Jumapili, 17 Agosti
Leo si siku ya kufunga. Mchana matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi, sahani yangu ile ile. Nikasubiri saa mbili. 15.4. Nikatoboa kidole kingine, kwa ubishi. 15.6.

Nimemkasirikia musawo, nikamkasirikia Rehema. Mwisho mimi mwenyewe.

Jumatatu, 18 Agosti
Sikufunga. Nimevirudia vidonge, katikati ya chakula kama musawo alivyosema. Tumbo limenung'unika. Na linung'unike. Mafuta ya samaki siachi, hakuna aliyenikataza. Kapsuli za mdalasini zimo mfukoni, zinarudi Jinja.

Asubuhi nilimpigia Rehema. Nikamwambia asifunge, ale, kisha apime. Akakataa. Tunafunga siku zile zile tangu usichana, na anapima saa ile ile ninayopima mimi. Akasema namba zangu zinamtosha. Nikamtumia picha ya 15.4.

Sikushona. Nilikaa na simu mapajani.

Alasiri imeingia picha. Kidole chake, kipimo, 17.2. Kumbe alikula.

Kesho nakwenda Nalufenya, nimpeleke kliniki. Kanzu zitasubiri.