Magugu Niliyoyaacha Chini ya Michungwa

Isiolo,
Jumapili, 12 Machi 1967

Kwa Mama mpendwa, mama wa marehemu Mwakio,

Nakuamkia kwa heshima, Mama. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko milimani? Wakesho anakula vizuri, au bado anachagua maharagwe na kuyaficha chini ya sahani kama baba yake? Mwambie nimempatia kitambaa chekundu cha gauni. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio sina.

Mghendi shemeji yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, tafadhali mtume Wakesho nje kwanza. Akacheze na wenzake. Haya yanayofuata si ya mtoto kusikia kuhusu mama yake.

Barua naikabidhi kwa yule dada muuguzi wa Mwatate anayekuja likizo. Posta nimeiogopa, kwa maana barua za hapa zinafunguliwa.

Mama, unakumbuka nilikuandikia kwamba baada ya mazishi mwenye shamba, Bwana Rajabu, alinitoa kwenye kupalilia akanipa kazi ya Mwakio. Bomba la mgongoni lilibaki bila mtu, na mimi nilikuwa nimemwona mwanao akilitumia mara nyingi. Alikuwa anapiga mluzi akikoroga dawa ya wadudu, halafu ananyamaza kabisa akianza kunyunyiza. Nami najikuta nanyamaza hivyo hivyo.

Sasa imeletwa dawa nyingine, ya magugu. Ni unga mweupe unaokorogwa na maji, na haunyunyizwi juu ya majani. Kwanza shamba linalimwa mpaka linabaki udongo mtupu, linamwagiliwa, ndipo dawa inanyunyizwa juu ya udongo uliolowa. Inazama kidogo na kukaa humo. Mbegu ya gugu ikichipua inakutana nayo, inakuwa ya manjano, inakufa kabla hujaiona. Michungwa mikubwa haidhuriki kwa sababu mizizi yake iko chini zaidi. Ukishanyunyiza huruhusiwi kupiga jembe tena, utaivunja nguvu. Kwenye vitunguu tunaweka ya namna nyingine, na maharagwe hayasogezwi karibu kabisa.

Siku za kwanza wanawake wanaopalilia walinicheka sana. Niliwaeleza zamani kidogo habari za wanawake hawa. Ni Waborana walioletwa kutoka upande wa Garbatulla na kuwekwa ndani ya seng'enge nje ya mji, ili wasiwape shifta, wale waasi wa porini, chakula. Kila asubuhi askari mwenye bunduki anawatoa wachache waje kupalilia, na kabla ya jua kushuka anawarudisha. Mmoja wao anaitwa Diramu, mama wa makamo, mrefu, mdomo wake haupumziki.

"Abo, mama Wakesho!" aliniita. "Unaogesha udongo? Umekosa mtoto wa kuogesha?"

"Ngoja uone," nikamwambia.

"Naona. Naona mtu mzima anamwagilia mahali pasipo na kitu."

Wote wakacheka, hata askari. Majuma yakapita, na chini ya michungwa hakukuota kitu. Hapo ndipo kicheko kilipoisha.

Hapa shambani kuna desturi, Mama. Gugu unaloling'oa kwenye mstari wako ni lako. Jioni kila mwanamke anafunga mzigo wake wa majani, anaubeba kichwani mpaka ndani ya seng'enge. Terere, ule mchicha wa porini, wanapika. Yale mengine ni ya mbuzi, kwa sababu mbuzi wa ndani hawatolewi kulisha. Diramu alikuwa na ng'ombe wengi. Sasa ana mbuzi mmoja, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo anayonywa mjukuu wake, katoto ka kike ambako mama yake alikufa akikazaa. Mbuzi asipokula majani ya shamba letu, hana kingine.

Kwa hiyo mahali nilipopita na bomba, hapakuwa na magugu, na pasipo na magugu hapakuwa na haja ya wanawake. Askari alianza kuleta nusu yao. Bwana Rajabu alifurahi. Aliniambia kabla ya mvua kubwa nimalize michungwa yote mpaka mtoni, "halafu tuachane na habari ya kungoja watu wa seng'enge." Wanajeshi nao walifurahi. Walisema ardhi tupu ni nzuri, mtu akipita usiku nyayo zake zitaonekana asubuhi. Tangu waseme hivyo naogopa kutazama chini nikifika kazini.

Mama, sasa nakuambia nililolifanya. Mstari wa mwisho wa michungwa, ule wa kando ya mto, niliuacha. Nilitembea na bomba mgongoni, nikapiga mpini kama kawaida, lakini koki nilikuwa nimeifunga. Mtu wa mbali angeona nanyunyiza.

Sikutumwa na mtu. Diramu hakuniomba. Nilikumbuka tu wakati niliporudi kazini baada ya kumzika Mwakio, kabla sijapewa bomba. Watu wa Bulla Pesa ninakopanga walikuja na maneno mengi mazuri, na baadhi yao waliniambia niwatemee mate Waborana wote. Diramu hakusema neno. Aliingia kwenye mstari wangu, akapalilia wangu pamoja na wake mpaka mwisho, na aliponiona nimekaa chini siwezi kuinuka, alinivua leso iliyofunguka kichwani, akaifunga upya. Alifanya hivyo siku nyingi. Najua bomu lile lililomuua Mwakio lilizikwa barabarani na watu, na najua lori la vitunguu alilopanda mwanao lilikuwa la chakula cha askari. Lakini mikono iliyozika bomu siijui. Mikono ya Diramu naijua.

Magugu yakaota kwenye mstari ule mpaka yakafika magotini. Wanawake waliendelea kuletwa kwa ajili yake, na Diramu aliendelea kubeba mzigo wake. Wao hung'oa kidogo kidogo, wakiacha mengine yakue. Hatukulizungumza. Mara moja tu alisema, "Dawa yako imechoka kabla ya kufika mtoni," akanitazama, akainama kuendelea na kazi.

Jana Jumamosi sajini alikuja kutazama mto. Alipofika mstari wa mwisho alisimama. Akayasukuma magugu kwa mtutu wa bunduki.

"Mama wa dawa! Huku ulisinzia?"

Niliacha kazi, Mama, nikainuka.

"Mahali pote ni peupe kama uwanja wa mpira," akasema, "isipokuwa hapa tu, hapa mtoni. Mtu anaweza kulala humu na bunduki yake asubuhi hadi jioni. Nani anamfichia?"

Diramu akatoka kwenye mstari wake mikono ikiwa na udongo. "Bwana mkubwa, ni sisi. Tulikanyaga ikiwa bado majimaji. Tumeiharibu kwa miguu yetu."

"Nyamaza! Nimekuuliza wewe?"

"Hujaniuliza, lakini ni sisi."

Sajini akamshika mkono, na nikaona anataka kumtoa. Anayetolewa kwenye kundi haletwi tena shambani, na wengine hatujui walikopelekwa. Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia, "Ni mimi niliuacha. Mbuzi wa huyu mama anakula hapa."

Akamwachia Diramu. Akanikaribia mpaka nikasikia harufu ya tumbaku.

"Mumeo ndiye yule wa lori?"

"Ndiye."

"Aliuawa na nini?"

"Bomu."

"La nani?"

Nikatazama magugu.

"Lilimuua mumeo," akasema, "na wewe unawafugia mbuzi." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Kisha akasema Jumatatu asubuhi atakuja na Bwana Rajabu, nieleze tena mbele yake, nani alinituma.

Jumatatu ni kesho. Labda unajiuliza kwa nini nisiende nikayanyunyize leo yaishe. Dawa hii haiui gugu lililokwisha ota. Ningemwaga gunia zima, yangesimama vile vile. Na kuyang'oa siwezi, leo shamba limefungwa na mlango una askari. Bwana Rajabu si mtu mbaya, lakini anauza mboga kambini kwa wanajeshi na ana watoto wake. Akisema nilisahau mstari mmoja, yatakwisha. Akisema nilikataa agizo lake, nitachukuliwa. Leo nilimwona kwa mbali akitoka dukani. Aliniona, akageuka akaingia ndani tena.

Kanisani nimekaa nyuma karibu na mlango. Kila lori lililopita nilichungulia nje. Sikusikia mahubiri.

Ninachokiogopa zaidi ya sajini ni wewe, Mama. Naogopa utasema nimewalisha waliomuua mwanao. Sikufanya hivyo. Nimelisha mbuzi wa mama mmoja ili mtoto mmoja anywe. Kama ningempitishia dawa majani yake, ningerudi chumbani na mikono safi na nisingeweza kula. Naogopa sana, lakini ukiniuliza kama nitafungua koki, nakujibu sitaifungua.

Nikichukuliwa, Wakesho abaki kwako. Asipelekwe kwa ndugu zangu Meru, njia ya huko ni mbaya sasa. Mfundishe kusuka vikapu kama unavyosuka wewe.

Msalimie shangazi Mkawasi aliyenipokea siku ya harusi yangu, na mzee wa kanisa aliyetuombea msibani, na wewe Mghendi, asante kwa kusoma. Msalimie pia jirani wa bonde la chini aliyechimba kaburi, jina lake limenipotea lakini uso wake sijausahau.

Jioni mkikaa kuomba, mumtaje Mwakio kwanza kama kawaida. Halafu, kama moyo wako utakubali, Mama, unikumbuke na mimi.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Kanana