Kigari cha Baba cha Magurudumu Matatu

Ipuli, Tabora

Dada Tufaha,

Shikamoo, huko Maskati uliko. Sisi wazima, na asali ya Ipole mwaka huu imejaa tele.

Juzi alikuja mgeni kutoka Ubelgiji, Bi Liesbet, kukiona kile kigari cha marehemu baba. Babu yake ndiye aliyekiunda. Fundi Umang alikihangaikia mpaka kikawaka, tukazunguka nacho mjini tumebanana, watu wakitupigia vigelegele!

Nikamuuliza Bi Liesbet kwa nini kiwanda chao cha magari kilifungwa.

"Kilikuwa cha babu na mdogo wake," akasema. "Waliunda magari mia mbili tu. Mmoja akataka kuongeza gurudumu la nne, mwingine akakataa katakata. Wakagombana, kiwanda kikafa, na hawakusemeshana tena mpaka wakazikwa."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Dada, sisi tuligombania nyumba ya mama, na huu ni mwaka wa sita hatusemeshani. Niliyokutamkia siku ile yalikuwa maneno mabaya. Nisamehe.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Njoo Idi hii, nitakupokea stesheni mwenyewe.

Mdogo wako anayekungoja,
Jihan