Roketi ya Celestine Imekataa Kuondoka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Daftari ni la mahubiri, lakini kurasa za nyuma ni zangu. Kesho! Kesho saa sita kasoro kumi roketi inaondoka Amerika, na ndani yake kuna kitu kilichoshikwa na mkono wa Celestine wangu. Mtoto niliyemzaa hapa Ikonge, mimi wa darasa la nane! Watoto wa wengine wanaenda Nairobi kuuza simu. Wangu yuko chuoni anatengeneza satelaiti. Nimeita wamama wa kundi letu tuangalie kwa simu yangu. Kuku wawili. Mboga ya chinsaga imelala kwenye maziwa.

Jirani yangu Mama Jethro ameuliza kama Celestine ameshapewa ile nguo ya angani. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Jumanne, 7 Oktoba

Haikuondoka. Wanawake kumi na mmoja wamekaa, kuku wameisha, saa inahesabu kurudi nyuma mpaka dakika tatu — ikasimama. Eti upepo wa juu. Upepo gani? Hapa hata jani la mgomba halikutikisika!

Na aibu nyingine. Celestine ametuma picha ya hiyo satelaiti. Ni kisanduku. Kama mkate! Na mimi nimeambia watu ni kama lori la majani chai. Nikampigia. Akacheka — Mama, ndani ya huo mkate kuna kamera ya kupiga picha mashamba kutoka juu. Kazi yake yeye ni antena. Ni utepe wa chuma, kama ule wa fundi wa kupimia mbao, umekunjwa ukafungwa na uzi. Ukifika huko juu uzi unachomwa, utepe unaruka wazi. Usipofunguka, kisanduku ni bubu milele, na miaka miwili ya kazi yake imeenda. Hapo hakucheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tena! Leo ni vali ya mafuta. Vali moja, na dunia nzima inangoja.

Wamekuja sita tu. Mama Jethro anasema hii roketi ni kama lami ya kwetu, kila mwaka inaanza kesho. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na midomo imejaa ugali wangu! Halafu akauliza, kwani Celestine hachoki kukaa huko ndani? Ikabidi niseme. Hayuko ndani. Yuko Nairobi, amevaa koti jeupe.

"Kumbe," akasema.

Hilo kumbe lake nitazikwa nalo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku saba za wiki, hao watu wamechagua Sabato! Kesho, saa ile ile. Katikati ya ibada.

Mume wangu Obwocha ni mzee wa kanisa. Amesema simu ibaki nyumbani, imezimwa. Nikamwambia huyu ni mtoto wako. Akanijibu Mungu haangalii roketi kwa simu. Mwezi jana simu ya Mama Jethro ililia kanisani, kijana wake anapiga kutoka Qatar. Nani alisimama akasoma amri ya nne, ile ya Sabato? Mimi. Tena kwa sauti.

Celestine amepiga kabla jua halijatua. Sauti ndogo, kama alipokuwa na surua. Mama, saa ile uwe na mimi.

Niwe naye vipi simu ikiwa imezimwa?

Jumamosi, 11 Oktoba. Sabato

Niko kanisani. Wanadhani naandika mahubiri. Simu iko ndani ya Biblia, kwenye Ayubu, sauti nimeua. Zimebaki dakika kumi na mbili.

Mama Jethro amekaa ubavuni kwangu. Ameona mwanga. Basi nimekwisha.

Hajasimama. Ameninong'oneza — funika, wewe, wanaona! Ametandaza leso yake juu ya Biblia yangu. Imefika ngapi? Nane, nikamwambia.

Mhubiri amemaliza mapema. Huyu ambaye hutuweka mpaka saa saba! Leo!

Obwocha amesimama afunge kwa ombi. Akisema amina tunatoka kwa mstari tukisalimiana mikono, na mimi nitashika simu na mkono gani? Tumepiga magoti, daftari liko kwenye benchi. Dakika nne. Maombi yake huwa ni dakika moja, ninamjua.

Ameombea wagonjwa. Ameombea walimu. Ameombea mvua ya mawe isipige chai. Dakika mbili. Ameombea ng'ombe wa watu! Sasa anaombea wasafiri wa barabarani, na wale — anasita — wale wanaosafiri kwa njia tusizozijua.

Nimeinua kichwa. Ana jicho moja wazi. Ananiangalia mimi.

Nimetikisa kichwa. Bado.

Amerudi kwa wagonjwa, mmoja mmoja kwa jina. Mama Jethro amenishika mkono wa kushoto, anafinya. Sekunde arobaini. Ombea mwingine, Obwocha. Usiseme amina.