Babu Yako Yumo Kwenye Albamu ya Mwongozaji

Mjukuu wangu Neema,

Huku Inyonga tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeuliza kama mrina asali uliyemwona kwenye albamu za yule mwongozaji filamu, hapo maktaba ya chuo chenu, ni babu yako. Ndiye.

Miaka ya tisini mwongozaji huyo, mama mmoja, alikuja huku kupiga filamu ya warina asali. Siku moja alitufungulia albamu yake. Alikuwa amebandika kazi zake zote, picha na vipande vya magazeti, na waigizaji tuliowasikia redioni tu. Kisha, mbele yetu, akambandika babu yako katikati yao.

“Mama, umekosea ukurasa,” babu yako akasema.

“Sijakosea, baba. Hii ni kazi yangu, na wewe umo.”

Babu yako aliigusa ile picha kwa kidole, taratibu, kama vile ina moto. Hakupigwa nyingine mpaka alipotutoka, wewe hujazaliwa.

Nilidhani sura ile nimebaki nayo peke yangu. Kumbe miaka yote hii imetunzwa na watu wasiotujua! Rudi maktaba, waombe wakufungulie tena, umwangalie vizuri masikio. Ndiyo hayo uliyo nayo.

Bibi yako anayekuwaza