Habari Niliyoiandika Bila Kukuuliza

Kwako shangazi yangu Mwajabu, uliyelala Mbwera,

Juma lililopita nilivaa joho. Ile shahada ya uandishi wa habari ambayo majirani walikuuliza ni masomo gani, ukawajibu kuwa mwanao anajifunza kuuliza watu maswali, nimeipata. Jina langu lilipotajwa, baba, yule kaka yako asiyejua kupaza sauti, alisimama peke yake katika safu nzima akapiga makofi mpaka watu wakageuka. Nilitamani uwe ubavuni pake.

Unaukumbuka mwaka wa mafuriko. Nilikuwa mwaka wa pili, chuo kikubwa, wanafunzi tele hata wengine tunaandika tumekaa kwenye ngazi za ukumbi, nami nilitaka kuonekana. Gazeti la wanafunzi lilipotafuta habari ya mafuriko kwenye visiwa vya delta, pale mto wetu unapoingia baharini, nilijitolea kwa kuwa ndiko kwetu. Nikachukua maneno ya kiongozi mmoja aliyezungumza na waandishi Dar es Salaam, nikaandika kwamba wakazi wa visiwani walikaidi kuhama. Ikatoka ukurasa wa kwanza. Nikaipiga picha, nikaituma nyumbani kwa majivuno.

Binti yako Zuhura akakusomea. Ukanipigia simu, na wala hukugomba. Ulinisimulia taratibu kwamba boti ilikuja, ikajaa, nafasi yako ukampa mzazi mwenye kichanga. Ninyi wanawake wanne mkaambiwa msubiri, itarudi. Injini ikaharibika njiani. Mkabaki juu ya dungu, kibanda kile cha nguzo ndefu cha kulindia mpunga, mkitafuna pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, huku maji yakipita chini yenu.

Kisha ukasema, "Siwema, namba yangu unayo. Mbona hukuniuliza?"

Nililia kwa aibu, na aibu ile ikanisaidia kuliko alama zote nilizowahi kupata.

Kesho yake nilimwendea mhariri wetu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikamwomba tuchapishe masahihisho. Alinishauri niache. Gazeti limeshasomwa, alisema, na uchaguzi wa mhariri mpya umekaribia, nami natajwa. Nani atamchagua mtu aliyejitangaza kuwa amekosea? Nikamwambia nataka yatoke kwa jina langu, ukurasa ule ule.

Ndipo nikaja. Basi mpaka Nyamisati, boti mpaka Mbwera. Ulinikuta na daftari mkononi, ukanipa kisu cha kuvunia mpunga mchache uliosalimika, ukasema tutazungumza huku tunafanya kazi. Niliwahoji nyote wanne shambani. Mmoja wenu aliposema mlikaa kule juu siku nne, hukunyamaza ili habari inoge.

"Zilikuwa tatu, mwanangu. Hiyo ya nne anatia chumvi."

Naye akacheka, akakubali. Mpaka leo nikifika mahali pa kuongeza kidogo, nakusikia.

Masahihisho yalitoka, na chini yake habari yenu nzima. Uhariri niliukosa, tena kwa mbali. Wapo walioniona mjinga. Lakini Zuhura alipomaliza kukusomea alikupa simu uongee nami, ukasema maneno mawili tu, "Sasa ndiyo," ukamrudishia simu. Siku ile nilitembea chuoni kama niliyeshinda.

Hukufika mahafali yangu. Homa ilikuchukua nikiwa nimebakiza muhula mmoja. Nilikuja kuzika, nikarudi kufanya mitihani macho yakiwa mazito, nikafaulu. Zipo siku nakukasirikia kwa kuondoka mapema hivyo, halafu naona haya, nakusomea Fatiha. Lakini nikikuwaza, kinachonijaa zaidi ni fahari. Nililelewa na mwanamke ambaye hakusoma gazeti hata siku moja, na aliyejua vizuri gazeti linatakiwa liweje.

Sasa nimepata kazi, redio ndogo hapa Kibiti. Nasoma habari za asubuhi, na mchana nazunguka vijijini na kinasa sauti. Nilidhani wataniita mtangazaji. Jana sokoni mama muuza samaki alinikazia macho, akamwambia mwenzake, "Huyu ni mtoto wa Mwajabu wa Mbwera. Mwambie yote." Nikavuta kigoda, nikakaa kumsikiliza.

Lala salama, shangazi. Mungu akupe nuru huko uliko.

Mtoto wa kaka yako, na wako,
Siwema